Nozeli Iliyoziba Kila Ijumaa

Ukutani juu ya meza yake ya kazi, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, Milimita alikuwa ametundika karatasi yenye masharti tisa ya kuzuia nozeli ya bastola yake ya rangi isizibe. Picha ya harusi iliwahi kuwapo hapo. Msumari ni uleule.

Masharti yaliandikwa kwa wino mweusi, kwa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Rangi ichujwe kwa kipande cha soksi ya nailoni kabla haijaingia kikombeni. Ipunguzwe kwa maji ya betri mpaka iteremke kama maziwa, isigande kama mtindi. Spiriti isiguswe, kwa maana aina hii ya rangi ya akriliki ikikutana na spiriti hugeuka gundi. Upepo usizidi, kwa sababu upepo mkali huikausha rangi kabla haijafika inakokwenda. Siku za joto litiwe tone la dawa ya kuchelewesha ukavu. Ncha ya sindano ifutwe kila dakika tano kwa kijiti cha pamba. Kulikuwa na sharti la kusuuza na sharti la kuivuta sindano kwa nyuma, na la tisa, ambalo lilipigiwa mstari mara mbili, lilisema hivi: Usiache rangi ndani ya bastola, hata kama unakwenda kunywa chai tu.

Kila Ijumaa saa kumi jioni, kwa muda wa miezi kumi na minne, Milimita alilivunja sharti la tisa kwa makusudi. Aliacha rangi ndani ya bastola, akaenda kunywa chai.

Alikuwa mchora ramani mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alichora mipaka ya viwanja vya watu wengine, katika ofisi yenye feni moja na makabati ya chuma. Jina la Milimita alipewa na wenzake siku aliyorudisha ramani ya mtaa mzima ikachorwe upya, kwa sababu choo cha mtu kilikuwa kimeingia barabarani kwa milimita moja ya karatasi. Choo kikavunjwa, jina likabaki. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Mtu ambaye hana tena pa kuwahi akapewa kitu cha kumwambia amechelewa kiasi gani.

Aliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Dirisha moja lilitazama tanki la maji, la pili lilitazama ukuta wa jengo jirani, na alipotaka kubadilisha mandhari alihama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Chumba cha pili ndicho kilichokuwa karakana. Humo aliunda magari madogo ya plastiki, yale yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, kila moja likiwa sehemu moja ya ishirini na nne ya gari la kweli. Alikuwa na malori, mabasi, gari la zimamoto na gari la kubebea wagonjwa. Arobaini na mawili kwa jumla, yamepangwa rafuni huku yote yakielekea mlangoni. Yalikuwa na namba za usajili, vioo vya pembeni na hata matope kidogo kwenye matairi, matope ya kupaka. Madereva hayakuwa nao. Madereva walikuja kwenye kijiboksi kingine, na yeye hakuwahi kuona sababu ya kuwaagiza.

Kompresa iliyosukuma upepo ilinguruma dakika mbili, ikanyamaza nne, ikanguruma tena. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alimkuta siku moja ngazini akamwuliza, "Hivi, baba, kule juu unasaga nini?"

"Sisagi. Napaka rangi magari."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akatazama na ngazi, ambazo hata baiskeli ilipita kwa shida. "Haya," akasema, akaingia kwake. Mazungumzo hayo yalikuwa marefu kuliko yote ya mwezi ule, ukiyatoa ya Jumamosi.

Na ya Jumamosi yaliletwa na nozeli. Bastola ya rangi ni kitu kidogo, unene wa kalamu na nusu. Juu ina kikombe cha rangi, ndani ina sindano, na mbele ina nozeli, yaani kitundu cha shaba ambamo rangi hutokea ikiwa imebebwa na upepo. Nozeli huitwa kwa upana wa tundu lake. Ya tano, yaani nusu milimita, ni ya kazi za wazi: rangi ya msingi, ubavu wa basi, paa. Ya tatu ni ya kila siku. Ya mbili ni ya mistari ya unywele na vivuli vya pembeni, nayo huziba kwa punje ambayo jicho halioni. Mtu mwenye busara huanza na ya tatu. Milimita alikuwa na ya mbili tu. Alipaka kila kitu kwa hiyo hiyo, hata paa la basi, kazi ya asubuhi nzima. Aliyezoea kuchora mpaka kwa kalamu nyembamba kuliko zote ofisini hawezi kuzeeka akaanza kutumia ufagio.

Mara ya kwanza iliziba kwa haki. Ilikuwa siku ya joto, na masharti yalikuwa bado hayajaandikwa. Kikombe kikaanza kutoa mapovu, dalili kwamba upepo umekosa njia ya mbele na unarudi nyuma. Milimita alijaribu kuzibua kwa pini akaona anaharibu. Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu anayeelewa matundu madogo. Akampigia Shemeji.

Shemeji alikuwa fundi wa nozeli za dizeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini za malori. Vidole vyake vilikuwa vinene na vyeusi kwa mafuta, lakini vilishika kitu cha milimita mbili kama mkunga anavyoshika kichanga. Alikuwa kaka wa mke wa Milimita. Mke mwenyewe aliondoka miaka tisa nyuma, bila ugomvi, maana ugomvi unahitaji watu wawili wanaozungumza. Aliacha barua ya mistari minne ambayo kila mstari ulipanda kidogo kuelekea kulia. Milimita aliisoma mara mbili, na mara ya pili alitamani angekuwa amempa rula. Sasa mwanamke huyo aliishi mji mwingine na mume mwingine. Neno shemeji lilitakiwa kuondoka naye, lakini lilibaki, pamoja na kitanda cha watu wawili na sufuria kubwa.

Siku ile ya kwanza Shemeji alikuja, akazibua kwa dakika ishirini, akanywa chai, akakaa saa nzima na nusu. Alipoondoka, nyumba ilirudi kuwa kimya, ila kimya chenyewe kilikuwa kimebadilika, kama chumba baada ya kabati kuhamishwa. Wiki mbili baadaye nozeli ikaziba tena. Baada ya hapo ikawa inaziba kila Ijumaa, kwa nidhamu ambayo uchafu wa kawaida hauna.

Milimita hakujidanganya. Alijua hesabu ilivyokaa: kilichomleta Shemeji ni nozeli iliyoziba. Kuja kumtembelea tu, mtu aliyeachana na dada yako, kunahitaji maelezo nyumbani. Kuja kuzibua hakuhitaji.

Jumamosi saa nne mlango uligongwa.

"Hodi! Mgonjwa yuko wapi?"

"Karibu, Shemeji. Yuko mezani."

"Kaziba tena?"

"Kaziba."

"Wewe huyu unamlisha nini, saruji?"

Shemeji alinawa mikono mara mbili, akavaa jichoni lenzi yake ndogo ya fundi saa, akakaa. Kwanza aliivuta sindano kwa nyuma. Kisha aliifungua nozeli kwa ufunguo mdogo, akaitumbukiza kwenye maji ya moto yenye sabuni, akaanza kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa sehemu bora ya kazi.

"Dada yako hajambo?" Milimita aliuliza, kama kila Jumamosi.

"Hajambo. Goti tu."

"Goti lipi?"

"La kushoto."

"Wiki iliyopita ulisema la kulia."

"Basi yamepokezana. Shemeji, wewe hata goti la mtu unaliwekea kumbukumbu?"

Walicheka. Chai ilimiminwa kwenye vikombe viwili. Kimoja kati yavyo kilitumika mara moja kwa wiki, na kwa hiyo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Jumamosi moja, wakati nozeli imelala kwenye maji ya moto, Shemeji alisimama kunyoosha mgongo, macho yakamwangukia ukutani. Alisoma karatasi yote, kuanzia sharti la kwanza, midomo ikichezacheza.

"Haya umeandika wewe?"

"Mimi."

"Na unayafuata?"

"Manane," akasema Milimita, ambaye hakuwahi kusema uongo wa namba, halafu akajirekebisha haraka: "Yote."

Shemeji alirudi kukaa, akaitoa nozeli, akaiangalia kwa lenzi muda mrefu kuliko kawaida.

Wiki iliyofuata alikuja na kikopo cha dawa ya kuchua misuli. Ndani, kwenye pamba, ilikuwamo nozeli ya tano pamoja na sindano yake, maana hivi vitu huoana kwa jozi na ukichanganya havielewani.

"Zawadi," Shemeji akasema. "Hii hata ukitia uji, unapita."

"Mimi kazi zangu ni nyembamba, Shemeji."

"Unapaka lori la taka. Ubavu wa lori la taka una wembamba gani?"

Shemeji akaifunga nozeli mpya mwenyewe, akaijaribu kwenye gazeti, na rangi ikatoka laini, pana, tulivu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Ile ya mbili, na sindano yake, akaviweka ndani ya kikopo na kikopo mfukoni. "Hii nakwenda kuisafisha kwa mashine. Nitakuletea."

"Lini?"

"Tutaona."

Alimaliza chai akiwa amesimama. Mlangoni alimpa mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akashuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyegonga. Wala hakukuwa na sababu ya kugonga: lori la taka lilipakwa likaisha kwa saa moja, kazi ya siku tatu kwa nozeli ya zamani. Milimita alibaki na mikono mitupu na mchana mzima mbele yake. Akahamia dirisha la tanki.

Ijumaa ya pili aliacha rangi ndani ya bastola, akanywa chai, akanywa na ya pili. Aliporudi akabonyeza kifyatuo. Rangi ikakohoa mara moja, ikatoka. Ijumaa ya tatu alivunja masharti manne kwa mpigo: hakuchuja, hakupunguza, hakusuuza, akaiacha bastola juani dirishani. Nozeli ikatema kipande kidogo cha ngozi ya rangi, ikaendelea na kazi. Shemeji hakuwa mtu wa maneno ya hewani. Aliposema uji unapita, alimaanisha uji.

Alifikiria kumpigia simu hivi hivi. Alishika simu, akatafuta sentensi ya kuanzia. "Shemeji, habari za siku" ilikuwa sawa, lakini baada yake ingefuata "nzuri, kuna nini?" na hapo ndipo barabara iliishia. Akaiweka simu.

Kuacha rangi ikauke, kwa kanuni za Milimita, kulikuwa ni uzembe. Na uzembe, hata ukiupangia saa, bado ni wa kibinadamu. Kuingiza kitu kwa mkono ni jambo jingine. Aliwaza hilo siku mbili. Siku ya tatu alichomoa uzi wa sufi wa buluu kwenye mkono wa sweta yake, akaukata kwa wembe, akausukuma ndani ya nozeli kwa ncha ya sindano, kinyume na sharti la nane. Kikombe kikatoa mapovu. Moyo wake, aone haya au asione, ukafurahi.

Hakupiga simu. Alifunga bastola kwenye leso na Jumamosi asubuhi akaenda nayo mwenyewe.

Karakana ya Shemeji ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la matairi na duka la betri. Milimita alikuwa amefika pale mara moja tu, enzi za ndoa, na alikumbuka kuta zilizojaa pampu zilizoning'inia. Sasa kuta zilikuwa na alama za pampu: vivuli vyeupe kwenye masizi. Sakafuni palikuwa na maboksi yaliyofungwa kamba. Shemeji alikuwa amepiga magoti, anafunga la mwisho.

"Unahama?" Milimita akauliza, badala ya salamu.

Shemeji akainuka, akajifuta mikono. "Kumbe umekuja. Kaa hapo, kwenye boksi. Sio hilo, hilo ni la vioo."

"Unahama, Shemeji?"

"Malori ya siku hizi nozeli zake zinataka kompyuta. Mimi nikiiuliza nozeli tatizo lake, inanijibu kwa Kichina. Dada kaniambia njoo huku, kuna nyumba ya uani iko tupu." Akasogeza boksi kwa mguu. "Nasafiri Jumanne."

"Mji uleule?"

"Uleule."

"Huko una shemeji mwingine."

"Ninaye."

"Anapaka rangi?"

"Hapaki kitu. Anatazama televisheni."

"Basi huyo hazibi," akasema Milimita. Shemeji akatazama pembeni.

Baadaye akanyoosha mkono. "Lete huyo mgonjwa."

Alivaa lenzi. Aliivuta sindano, akaifungua nozeli, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuhitaji maji ya moto. Alichukua kibanio chembamba akatoa kitu, akakilaza kwenye kucha ya kidole gumba. Akakitazama. Kisha akaitazama sweta ya Milimita.

"Sufi," akasema.

"Labda upepo umeingiza."

"Labda." Shemeji alichukua rula ya chuma iliyobaki mezani, akaipima sufi ile juu ya kucha. "Milimita tano kamili. Imekatwa kwa wembe huku na huku." Akaiondoa lenzi jichoni. "Shemeji, uchafu haujipimi. Mtu mwingine yeyote angekwangua chochote sakafuni akatia humo. Wewe hata uchafu umeukata kwa kipimo."

Mbele ya duka la matairi mtu alikuwa anajaza upepo.

"Umejua tangu lini?" Milimita akauliza.

"Tangu wakati wa mvua. Rangi inayokauka kwa bahati mbaya hukaukia nchani. Yako ilikuwa imekauka mpaka kikombeni. Halafu nikasoma yale masharti yako ukutani. Mtu wa masharti tisa hasahau kikombe miezi kumi na minne."

"Mbona hukusema?"

"Chai yako nzuri."

"Na nozeli ya tano uliileta ya nini?"

"Nilijua naondoka. Nikasema nimwachie kitu kisichomsumbua." Shemeji aliokota kipande cha kamba, akakizungusha kidoleni. "Kukuambia usoni nilishindwa. Ningeanzia wapi? Wewe ulikuwa unamimina chai."

Miaka thelathini na mmoja Milimita alikuwa ameandika umbali kati ya vitu, na sasa umbali alikuwa nao, namba hakuwa nayo. "Boksi hili umelifunga vibaya," akasema. "Kamba haiko katikati."

"Lifunge wewe basi."

Akalifunga. Kisha akayafungua mengine mawili na kuyafunga upya, huku Shemeji akimpitishia kamba na kumwita mkaguzi. Walimaliza saa sita. Hakukuwa na chai. Birika lilikuwa ndani ya mojawapo ya maboksi na hakuna aliyekumbuka ni lipi.

Shemeji alitoa mfukoni kile kikopo cha dawa ya misuli, akamwekea mkononi. Ndani yake zilikuwamo nozeli ya mbili na sindano yake, zimeng'arishwa mpaka zinaonekana mpya, na kando yake, kwenye pamba, lenzi ya jicho.

"Hiyo ndiyo yako," akasema. "Inaziba yenyewe, haihitaji kusaidiwa. Na lenzi mimi ninayo nyingine. Simu unayo?"

"Ninayo."

"Haya."

Jumanne Milimita hakwenda kuaga. Alikuwa amekwisha kufunga maboksi, na aliona hilo linatosha. Wiki ile alianza gari jipya, lori la mafuta, kwa nozeli ya mbili. Alichuja. Alipunguza kwa maji ya betri. Alifuta ncha kila dakika tano, kwa saa waliyompa ofisini. Ijumaa saa kumi jioni aliimwaga rangi iliyobaki, akaisuuza bastola, akaivuta sindano kwa nyuma, akaifuta, ndipo akaenda kunywa chai. Masharti yote tisa yalikuwa yametimizwa kwa mara ya kwanza tangu yaandikwe.

Jumamosi saa nne alikaa mezani. Mlango haukugongwa. Akamimina chai kwenye kikombe kisicho na mkwaruzo, akakisogeza upande wa pili wa meza, akakiona hakina maana, akakirudisha upande wake. Saa nne na dakika tano akapiga simu.

Iliita mara mbili.

"Imeziba?" Shemeji akauliza, hata kabla ya salamu. Nyuma yake ilisikika televisheni, na mwanamke aliyeuliza kitu kwa mbali, akajibiwa, "Ni mteja."

Milimita aliitazama nozeli. Ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, safi, inawaka.

"Imeziba," akasema.

"Vaa lenzi. Ishike kwenye mwanga. Niambie unaona nini."

Akaivaa lenzi, akaigeuza nozeli kuelekea dirisha la tanki. Katikati ya shaba palikuwa na duara dogo la mwanga, kamili, bila doa hata moja.

"Giza tupu," akasema.

"Mh. Hiyo mbaya." Televisheni ikapungua sauti, mlango ukafungwa, kiti kikaburutwa. "Hiyo haitaki haraka. Chemsha maji kwanza, halafu tungoje. Una muda?"

Milimita akaitazama saa ya ukutani.

"Ninao," akasema. "Vipi goti?"